Maji ya Mgeni

Nkoaranga,
9 Februari 2025

Nathanael amefungua kiwanda, Elinami! Kaka yako ana kiwanda! Kina mashine inayonguruma mpaka Mzee Emmanuel akiwa kule shambani kwake anajua tumeanza kazi saa ngapi, na kina bango lenye jina la ukoo kwa rangi nyekundu.

Haya, sasa tusalimiane. Hujambo mwanangu? Habari za Pangani na hilo joto lenu? Umenenepa au bado unakula kama ndege? Sisi huku tu wazima, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo siku hizi linajiamulia mambo yake lenyewe. Ng'ombe amezaa dume. Migomba imebeba mpaka tumeiwekea miti ya kuegemea.

Kazi ya kiwanda ni hivi. Lori linaleta magunia ya plastiki chakavu kutoka Ngarenaro: ndala, viatu vya yeboyebo, mipira ya kumwagilia, maturubai, maganda ya nyaya za umeme. Yanashushwa pale chini ya migomba ya baba yenu marehemu. Akina mama kumi na wanne wanachambua kwa rangi, wanafua kwenye mfereji wetu, kisha mashine inasaga, zinatoka chenga ndogondogo kama mahindi ya kuku. Lori linachukua linarudi mjini. Akina mama hao zamani walishinda juani sokoni Tengeru, sasa wanapata ujira hatua mbili kutoka jikoni kwao. Silantoi, yule jirani yetu mwenye mabata, kaniambia mbele ya watu, "Mama Nathanael, wewe umezaa kiwanda, sisi wengine tumezaa walaji." Nilicheka mpaka nikashika mti.

Na lingine, nilikuwa nalificha mpaka litimie miezi mitatu: Blessing, mke wa kaka yako, ana mimba. Zile mbili zilizoharibika unazijua, sizirudii. Hii imeshika. Ndiye msimamizi wa ufuaji, anasimama mle majini asubuhi hadi mchana. Namwambia akae, hasikii. Anakunywa maji ya mfereji tu, ya ndoo anasema yanamtia kichefuchefu.

Walisema mjane hawezi kulea. Waje sasa. Mmoja anasomea bahari, mwingine ana kiwanda. Waje waone, nitawapikia na loshoro ya maziwa ya mgando.

Mama yako,
Mama Nathanael


Pangani,
23 Februari 2025

Shikamoo mama,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti limetulia. Mimi sijambo, joto limenizoea kuliko nilivyolizoea. Mpe Nathanael hongera, na Blessing umkumbatie kwa mikono yangu.

Mama, nimeisoma barua yako mara tatu kwa sababu ya neno moja: mfereji. Nikueleze kazi yangu vizuri, maana kwenye simu huwa unaniuliza kama nimekula tunaishia hapo. Plastiki haiwi laini yenyewe. Ili ndala ikunjike na mpira wa maji ujipinde, kiwandani huchanganya dawa za kulainisha. Dawa hizo hazijashikana na plastiki, zimekaa tu ndani yake, kama mafuta yanavyokaa kwenye chapati. Ukiifunga chapati kwenye gazeti, gazeti linalowa. Plastiki ikikaa majini, ikisuguliwa, ikisagwa, dawa inatoka vivyo hivyo, ila huioni. Hapa mto unapoingia baharini tumezikuta kwenye maji ya chumvi. Tumepasua chaza ambao akina mama wa hapa huwaokota kwenye mikoko, tumezikuta humo pia. Zinachezea mwili mahali ambapo mwili unajipangia mambo ya uzazi na ya mtoto tumboni. Kuna mengi hatujayajua, lakini tuliyoyajua yanatosha kutupa wasiwasi.

Na mto huu, mama, unaanzia kwenu. Maji ya mifereji ya Meru yanashuka, yanakutana na wenzake, yanakuja mpaka miguuni kwangu hapa.

Mkuu wangu, Dokta Salha, ameniruhusu kukuandikisha uwe mchotaji wetu wa juu kabisa. Kuna wachotaji kumi na tisa kuanzia mlimani hadi baharini, nawe ndiye wa kwanza. Nimekutumia chupa nne kwa basi. Ni za kioo, kwa sababu chupa ya plastiki ingetutia dawa yake tukajipima wenyewe. Usiondoe karatasi ya rangi ya fedha iliyo chini ya kifuniko. Usipake mafuta mikononi siku hiyo. Simama kwenye jiwe la kufulia, hatua ishirini chini ya kiwanda cha kaka, uchote palepale. Kila chupa ina jina lako kamili, Elifuraha Nnko, na maprofesa watalisoma.

Blessing asinywe maji hayo kwa sasa. Na kuyachemsha hakuondoi kitu.

Mwanao akupendaye,
Elinami


Nkoaranga,
16 Machi 2025

Mwanangu Elinami,

Jina langu kwenye chupa! Nimelisoma kwa sauti, nikampa Blessing alisome, nikampa Mzee Emmanuel alisome, na yeye ndiye mwenyekiti wa mfereji lakini hakuna chupa hata moja duniani yenye jina lake. Jumapili kwenye kikundi cha akina mama nilisimama, nikasema, "Wenzangu, mimi niliyeishia darasa la saba, maji yangu yanasomwa na maprofesa." Walipiga vigelegele. Mmoja tu alinuna, unamjua.

Hujambo lakini? Kikohozi kimeisha? Sisi wazima, tunamshukuru Mungu. Masika yameanza kuchungulia.

Chupa zako hizo zinakuja. Nimezifunga kwa majani makavu ya mgomba, moja moja kama mayai, na kondakta nimemwambia zikivunjika asipite tena Tengeru. Mikono sikupaka mafuta, imekauka kama ya fundi saruji. Karatasi ya fedha sikuigusa. Ziweke kwenye mwanga uone: vidole vyako utaviona upande wa pili. Wakiuliza huko kwenu maji haya ya nani, usione haya kutaja. Goti limenilipiza siku mbili, kile kilima si mchezo kwa mtu wa umri wangu, lakini kwa kazi ya mwanangu ningepanda hata kwa magoti yote mawili.

Kuhusu Blessing, nimemwambia. Amesema sawa, nikageuka, nikamkuta na kikombe. Mjamzito hasemeshwi. Tumbo limechongoka, ni mvulana huyo.

Kaka yako anauliza hizo dawa unazosema ni za kiwanda chake au za watu wengine. Nimemjibu nyie mnapima tu.

Mama yako mwenye chupa,
Mama Nathanael


Pangani,
13 Aprili 2025

Shikamoo mama,

Poleni na mvua, nasikia barabara ya juu imekatika. Sisi hapa mto umegeuka rangi ya chai ya maziwa na unaleta kila kitu mnachokitupa huko, mpaka ndala. Jana niliokota ya mguu wa kushoto nikaiangalia muda mrefu, nikajiuliza imetoka kwa nani.

Majibu ya chupa zako yametoka. Mama, maji ni safi. Ndiyo maji safi kuliko yote kwenye mto mzima. Dokta Salha alidhani mashine ina hitilafu, akarudia kupima, yakatoka vilevile. Sitakuficha, nililia kidogo kwa furaha. Nilikuwa nimeogopa kuja kukuambia jambo baya kuhusu kazi ya kaka. Mwambie anisamehe kwa mawazo yangu.

Nimeambatanisha barua ya shukrani kwa mchotaji, ina majibu na muhuri wa mradi. Itunze.

Kuna jambo moja tu halijakaa sawa. Pale darajani, chini yenu mwendo wa nusu saa kwa miguu, vipimo vimepanda kupita kiasi. Hatujui dawa inaingilia wapi. Tumekutumia chupa nyingine nne, uchote tena palepale kwenye jiwe.

Mwanao,
Elinami


Nkoaranga,
4 Mei 2025

Elinami mwanangu,

Kaa chini kwanza ndiyo usome. Umekaa? Tunajengewa tangi la maji, na ni kwa sababu ya mama yako.

Salamu zitakuja. Mambo yalikuwa hivi. Mzee Emmanuel aliisoma ile barua yenye muhuri mbele ya watu wote baada ya ibada. Aliisoma polepole, "safi kuliko yote kwenye mto mzima," akairudia. Kumbe kamati ilikuwa imeshapata mfadhili wa tangi, wanabishana tu banio, pale maji yanapoingilia bombani, likae wapi. Wengine walitaka juu kwenye chemchemi, ambako bomba ni refu na mawe ni mengi. Mzee akasema, "Ya nini kuhangaika na mawe? Maji yamepimwa hapa chini, na karatasi hii hapa." Nathanael akajitolea kutoa kiwanja palepale chini ya kiwanda. Watu walipiga makofi. Bomba litakwenda shuleni, litakwenda zahanati, litakwenda nyumba zote za upande huu. Mafundi wameshaanza kumwaga zege. Silantoi sasa ananiita Mama Maji.

Hujambo basi? Sisi hatujambo. Chupa zako hizo nne, sawasawa na za kwanza.

Mambo mengine ni ya kawaida. Mwaka huu vyura wa masika hawajaimba, nadhani ni baridi. Mabata ya Silantoi yametoka mferejini na miguu ya buluu, tulicheka sana, walikuwa wanafua maturubai siku hiyo. Juu ya maji asubuhi kunakuwa na utando mwembamba wenye rangi rangi, jua likipanda unapotea. Viluwiluwi ulivyokuwa unavikamata ukiwa mdogo sijaviona. Blessing anaumwa kichwa kila siku na mikono yake inachubuka, ninamkanda.

Usianze tena na darajani. Darajani hapatuhusu, kule wana mambo yao. Maji haya yamekulea, hata hayo meno yako ya kahawia umeyapata kwenye maji haya, nani alikufa?

Mama Maji,
yaani mama yako


Pangani,
25 Mei 2025

Shikamoo mama,

Natumai mko salama wote. Salamu zangu leo ni fupi, nisamehe.

Chupa za pili zimefanana na za kwanza mpaka tarakimu ya mwisho. Machi kulikuwa kukavu, mwishoni mwa Aprili mvua ilikuwa inabomoa barabara. Mfereji hubadilika mvua inaponyesha, unabeba udongo, unabeba samadi, unabeba kila kitu. Maji yasiyobadilika hivyo ni ya chemchemi.

Tena uliandika kwamba kile kilima kilikulipiza goti. Kutoka mlangoni kwetu hadi kwenye jiwe la kufulia hakuna kilima, mama. Nimekulia hapo. Kuna mteremko wa hatua nne, na nilikuwa nauruka.

Naomba unijibu swali moja tu. Ulichota wapi?

Sitakukasirikia. Ila nijibu kabla tangi halijaisha.

Mwanao,
Elinami


Pangani,
22 Juni 2025

Shikamoo mama,

Wiki nne. Nikipiga simu unaniambia habari za ng'ombe. Nikiuliza, mtandao unakatika, na dakika mbili baadaye nakuona kwenye kundi la ukoo umemtumia shangazi picha ya tangi likipakwa rangi.

Kwenye mto mzima sasa vipimo vyetu vyote vinalinganishwa na chupa zenye jina lako. Ndizo tunazoziita mwanzo safi. Mimi nimeweka saini.

Blessing yuko mwezi wa ngapi? Bado anasimama majini?

Nijibu mama, hata mstari mmoja.

Elinami


Nkoaranga,
13 Julai 2025

Mtoto amezaliwa, Elinami. Wa kike. Nilisema mvulana, nimekosea na hilo pia.

Amekuja mapema, mwezi wa nane haujaisha, ni mdogo, kichwa chake kinatosha kwenye kiganja changu. Walimweka hospitali siku tisa kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi. Sasa yuko nyumbani. Analia kwa sauti ndogo kama mlango usiotiwa mafuta. Nilimuuliza daktari kama ni maji. Alinitazama, akasema, "Mama, sijui. Watoto huja mapema kwa mambo mengi." Nikamuuliza, basi si maji? Akasema hilo nalo hajui.

Hujambo mwanangu? Nimechelewa kukuuliza hali. Nimechelewa na mengine.

Nilichota juu. Kwenye chemchemi, pale inapotoka kwenye mwamba, zote nane. Nikueleze usinione mwizi. Siku ile ya kwanza nilishuka kwenye jiwe kama ulivyosema, chupa mkononi. Maji yalikuwa na povu, na yalikuwa na rangi ya yeboyebo za kijani walizokuwa wanafua. Nikaiangalia chupa, ina jina langu. Elifuraha Nnko. Nikasema, hili povu likasomwe na maprofesa, waseme kwa kina Elinami wanakunywa hivi? Unajua kwetu. Mgeni hapewi maji ya bondeni. Bibi yako alituamsha alfajiri kupanda mwamba mgeni akija, na sisi wenyewe tukinywa ya chini hakuna aliyejali, lakini ya mgeni yanatoka juu. Mimi nilidhani nakupelekea maji ya mgeni. Nilidhani hata wewe unajua hivyo, kwamba mtu hapeleki ugenini kitu kibaya cha nyumbani.

Halafu barua yako ikaja na muhuri, wakapiga makofi, na nikashindwa. Kila siku nilisema nitasema kesho. Zege likamwagwa, nikasema kesho. Ukaniandikia, nikaiweka barua chini ya godoro kama msichana.

Kilichonifungua mdomo ni hiki. Maziwa ya Blessing yalichelewa, tukapewa ya kopo ya kukoroga. Kila asubuhi nikawa nachukua kidumu, sikumwambia mtu, napanda na goti langu kwenye mwamba kumletea mjukuu maji. Siku ya tano nikakutana na Silantoi njiani. "Mama Maji," akasema, "wewe wa maji safi kuliko yote, unafuata nini huku juu?" Yeye ana wajukuu wanne. Wa kwangu nambebea ya mwambani, wa kwake namjengea tangi la chini. Nilishuka bila kuangalia njia, nikamwaga nusu ya maji.

Niambie la kufanya. Wewe ndiye msomi.

Mama yako,
Elifuraha


Pangani,
20 Julai 2025

Shikamoo mama,

Nimefurahi una mjukuu. Nimeandika hilo kwanza kwa sababu ni kweli, na nilitaka liwe juu.

Mimi nami siwezi kusema ni maji yaliyomleta mapema. Hiyo ndiyo inayonikosesha usingizi. Hakuna atakayeweza kusema ndiyo, na hakuna atakayeweza kusema siyo, na wakati huohuo bomba litakuwa limefika shuleni. Wasiwasi huu usimpe Blessing, ana wake. Maziwa yake yakija, mtoto anyonye hayo tu. Asirudi kusimama majini.

Nimemwambia Dokta Salha. Hakupaza sauti. Alifunga daftari, akasema, "Elinami, nilikupa mto ukanipa mama yako." Ameniondoa kwenye kazi ya mto wa juu, sasa nahesabu chaza. Ana haki ya kufanya hivyo, mimi ndiye niliyeandika jina la mama yangu kwenye chupa. Barua ya kuyafuta majibu ameiandika siku hiyohiyo, lakini hii inapita ofisi kwa ofisi. Ya kwanza ilipita mkononi kwa kondakta, ndiyo maana ilifika.

Nenda kwa Mzee Emmanuel. Mwambie kama ulivyoniambia mimi, na povu na rangi. Nenda kwa kaka. Wasiliunganishe bomba mpaka tupime palepale kwenye jiwe. Kaka anaweza kuhamisha ufuaji, achimbe shimo, maji machafu yasirudi mferejini. Inawezekana. Nitakuja kumwonyesha mwenyewe.

Wewe ndiye wa kwanza kwenye mto huu, mama. Hakuna wa juu yako wa kusema.

Mwanao,
Elinami


Nkoaranga,
3 Agosti 2025

Mwanangu Elinami,

Hujambo? Umekula? Sisi tupo. Mtoto ameongezeka, maziwa ya mama yake yamekuja kama masika. Anaitwa Elifuraha, Blessing amekataa jina lingine. Nilimwambia chagua jina zuri, akasema, "Hili ndilo limeandikwa kwenye chupa."

Nilikwenda kwa Mzee Emmanuel kama ulivyosema. Nilimkuta anachuma kahawa. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, sikutaka kukaa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono, akaingia ndani, akatoka na ile barua yako. Ameiwekea fremu, Elinami. Kioo na msumari wa kuning'inizia. "Mama Nathanael," akasema, "hii ina muhuri. Maneno yako yana muhuri gani?" Nikamwambia mimi ndiye niliyechota, muhuri gani tena unautaka? Akacheka. Akasema umri ukienda mtu husahau alichota wapi, nisijisumbue. Akanipa na kahawa ya kwenda nayo nyumbani. Mimi niliyetembea na karatasi ile mlango kwa mlango, nikaisifu mpaka koo likakauka, sasa inaaminika kuliko mdomo wangu.

Kwa kaka yako ilikuwa mbaya zaidi. Hakucheka. Aliniuliza, "Mama, hao akina mama kumi na wanne nikawaambie wewe ndiye uliyewafungia kazi?" Nikamwambia habari ya shimo. Akasema shimo litachimbwa tangi likishafunguliwa, mfadhili akishaondoka, sasa hivi kila jicho liko pale. Kisha akaniambia jambo ambalo sikuzaa mtoto wa kuniambia, sitaliandika. Amehamia na Blessing na mtoto kwenye kile chumba cha kiwandani, ili nisiendelee kumtia mke wake hofu. Mtoto sasa analala hatua ishirini kutoka kwenye jiwe. Kidumu changu napeleka bado. Naweka mlangoni, nabisha, naondoka. Juzi nilikikuta palepale nilipokiacha, kimejaa.

Akina mama wa kiwandani nikipita wananyamaza. Silantoi peke yake ndiye anayenifuata. Jana tulipanda wote kwenye mwamba, yeye na ndoo yake. Tulipofika juu akasema tu, "Kwa hiyo ni kweli." Nikasema ni kweli. Akasema, "Basi sema siku watu wamejaa, siku hawawezi kukupa kahawa ukaondoka."

Bomba limeshaunganishwa. Maji yamo ndani ya tangi tangu Jumatano, yanangoja. Nimelizunguka, nimeweka sikio, yanalia kwa ndani.

Sasa nikuambie walichonipangia. Kwenye ratiba ya kufungua tangi jina langu liko namba tatu, baada ya sala na baada ya hotuba ya mfadhili. Mimi ndiye wa kufungua koki. Nijaze kikombe, ninywe mbele ya watu wote, kisha watoto wa shule wapange mstari wanywe baada yangu. Mzee Emmanuel amekuja mwenyewe kuniambia, anadhani ananiheshimu. Nimekubali. Ningekataa wangemchagua mwingine, na huyo angekunywa.

Nitakijaza. Kisha nitasema nilichota wapi. Nimejizoeza na ng'ombe, nikifika kwenye jina la Nathanael sauti inaishia. Muhuri sina. Njoo wewe uwe muhuri wangu, mwanangu. Njoo na chupa tupu, tushuke kwenye jiwe watu wakituona, uchote wewe. Wakuulize wewe. Ukichelewa nitasimama hivyohivyo na hicho kikombe, lakini sijui kama wataninyang'anya na kuwapa watoto.

Wamealikwa wa juu na wa chini, walimu na shule nzima, kwaya zote mbili, wa Tengeru, wa darajani, na lori la Ngarenaro litaleta watu bure. Kaka yako atasimama upande wangu wa kulia na mtoto mkononi.

Mama yako,
Elifuraha

Nimefunga bahasha nimeifungua tena, sikukuandikia siku. Jumamosi wameikataa kwa sababu ya soko. Ni Jumapili, tarehe 17 Agosti, ibada ya pili ikitoka.